Mkanda wa Kumpelekea Bibi

Mama,

Mtoto kalala begani kwangu, na nikimlaza tu ataamka, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono mmoja. Mwandiko utausamehe. Hata nikitumia mikono miwili hukuwahi kuusifu.

Huku Sydney mambo ni ya kawaida. Nyumba yako ya Penrith tumemrudishia mwenyewe. Viti kachukua Mjomba Elia. Kompyuta zako walikuja kuzichukua wenzako wa kazini, na mmoja wao, yule mwanaume mwenye nywele za kufunga kisogoni, alisimama jikoni akalia mpaka Neema wangu akampa biskuti yake. Mimi sikulia. Shifti yangu ya nyumba ya wazee ilikuwa inaanza mchana ule, nikawa naangalia saa. Nimebaki na glovu zako nyeupe za pamba na kile kikataji cha chuma cha filamu. Glovu Neema anazivaa akicheza daktari. Nimemwacha.

Ninachotaka kukueleza ni habari ya mkanda wa mazishi yako. Ni habari ya kazi, na kazi ndicho kitu tulichoweza kukizungumza mimi na wewe bila kukwaruzana.

Bibi alinyimwa viza. Basi tukafanya kama wanavyofanya watu wetu wote wa huku: mazishi yakapigwa video ili yapelekwe nyumbani. Bibi akasema kwa simu, watu wakiwa wamejaa uani kwake Korogwe, kwamba matanga hayaanuliwi mpaka aone kwa macho yake mwanawe anazikwa. Godoro lake lilikuwa limeshushwa sebuleni, na hapo chini akabaki. Wageni wakaanza kurudi makwao mmoja mmoja. Yeye hakuinuka.

Mpiga video alikuwa Dezire, yule Mrundi wa Bankstown anayepiga harusi zote. Ulikuwa ukimwita Bwana Maua, kwa sababu bibi harusi wake hawezi kugeuza shingo bila ua kuchanua kwenye kioo cha televisheni. Dezire alipiga kila kitu, kuanzia kanisani mpaka kaburi lilipofukiwa. Lakini Mjomba Elia alimfuata peke yake, akamwambia mama yetu ana presha, kaburi lisionekane. Dezire akatii, maana mkubwa kasema. Akaweka kanisa, akaweka kwaya, akaweka picha zako, juu yake kinanda. Jeneza linatoka mlangoni mwa kanisa, linageuka njiwa, njiwa anaruka, jua linazama, mwisho.

Bibi aliangalia kwa Mama Rehema, jirani mwenye deki ya video. Kisha wakanipigia.

"Nimeona maua," Bibi akaniambia. "Nimeona na ndege. Mwanangu mmemweka wapi?"

Nikamwambia tumemzika, Bibi, tumemzika vizuri.

"Sikuona," akasema, akamrudishia Mama Rehema simu. Mama Rehema akatoka nayo nje, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba hata uji sasa hauendi. Bibi kaanza kuwauliza watu kama kweli umekufa, au wewe ni kama miaka ile ulipoondoka usirudi, umekaa tu huko huko.

Hilo lilinikaa moyoni, Mama. Siwezi kusema halikunikaa.

Kanisani mchungaji alisoma maisha yako haraka haraka. Ulipozaliwa, ulipobatizwa, kwamba ulifanya kazi kwenye mambo ya filamu, kwamba umeacha binti mmoja na wajukuu wawili. Mambo ya filamu. Ningekuwa na nguvu ningesimama. Ningesema ulianza Dar es Salaam ukiwa msichana, unakata filamu za serikali za kilimo cha korosho na elimu ya watu wazima, vipande vimening'inia kwenye misumari mbele yako kama kamba ya nguo, na harufu ya gundi inakufuata mpaka kwenye kitanda. Ningesema alikuja mzungu mmoja kupiga picha ya sinema, akakuona unavyofanya kazi, akakuomba uje Sydney uimalize naye. Ukaniacha kwa Bibi nikiwa natambaa. Ukaja kwa picha moja, ukakaa kwa picha zote zilizofuata. Kwanza ulikuwa wa kuandika majina kwenye makopo ya filamu, halafu wa kushika mkasi, halafu jina lako likawa linapita peke yake kwenye kioo, na watu ukumbini wanatafuta makoti yao bila kulisoma. Na sinema zilipopungua ukahamia opera, ile michezo ya jukwaani ya kuimba mwanzo mpaka mwisho. Kamera nane jukwaani, zamu mbili za onyesho lile lile, na wewe chumbani unazifanya ziwe jioni moja, kwa lugha usiyoijua hata salamu.

Mchungaji hakuyajua hayo. Na mimi niliyajua nusu, kwa sababu nilikuja mkubwa, umri wa miaka kumi na sita, na shule ya huku ikanishinda mapema.

Lakini siku moja nakumbuka. Nilikuwa sijamaliza mwezi hapa nchini. Ulinichukua kazini, ukanikalisha kwenye kiti cha magurudumu, ukanipa chipsi. Kwenye kioo kulikuwa na mama mmoja mnene, mgonjwa, amelala kwenye kochi, anaimba. Akaimba, akaimba. Nikamaliza chipsi, bado anaimba. Nikakuuliza, "Mama, huyu si afe tu?"

Ulicheka mpaka ukavua miwani. Sijui kama uliwahi kucheka vile tena nami. Kisha ukafuta macho, ukanionyesha. Ukaniambia kwenye sinema unaikata picha ya mtu akishaamua jambo, hata kama hajalisema. Kwenye opera unafuata pumzi. Ukimkata anavuta hewa, anayetazama atakosa hewa na yeye, na hatajua kwa nini. Halafu ukasema kile nilichokuja kukikumbuka juzi nikiwa nimeshika simu.

"Hawa watu wametoka makwao kuja kumwona akifa. Ukimharakisha, umewaibia."

Basi Jumamosi yangu ya mapumziko nikambeba mtoto mgongoni, nikamshika Neema mkono, tukapanda treni mpaka Bankstown, kwenye gereji ambamo Dezire anakatia mikanda yake. Nikamwambia nataka kanda zote kama zilivyotoka kwenye kamera.

"Dada, mimi nitafanya namna gani?" akasema. "Mzee amesema toa, mimi natoa. Lakini mama yako, yule alikuwa profesa wangu. Alikuwa ananitukana kila harusi."

Nikamwambia mzee nitaongea naye mwenyewe. Tukakaa. Yeye alishika mashine, mimi nilikuwa nasema wapi. Alitaka walau njiwa abaki.

"Hata mmoja, Dada? Mdogo, kwenye kona?"

"Hata mmoja."

Mjomba Elia akapata habari kabla hatujamaliza, akaja na suti yake ya kanisani. Neema akamsalimia kwa Kiingereza, Mjomba akakunja uso. Hakukaa. Aliniambia wewe ni dada yake, Bibi ni mama yake, na mimi ni mtoto. Akasema, "Presha ikimuua, utajibu wewe."

"Mjomba, shikamoo," nikasema, maana nilikuwa sijamwamkia. "Bibi ndiye aliyenilea. Hafi kwa kuona. Atakufa kwa kungoja."

Akatazama kioo. Dezire alikuwa amesimamisha picha pale pale makaburini, na aliyekuwa kwenye kioo alikuwa yeye, Mjomba, ameshika koleo, tai imerudi nyuma ya bega. Akatoka bila kuaga. Hakukataza tena.

Mama, sehemu hiyo wewe hukuiona, kwa hiyo nikueleze. Huku wanataka watu washushe jeneza, watupe ua, waende wakanywe chai, mashine ije ifukie. Palikuwa na mashine ndogo ya njano pembeni, na mwenye mashine amekaa juu yake anangoja tuondoke. Hatukuondoka. Wanaume wetu waliomba makoleo, wakavua makoti, wakafukia wenyewe kwa kupokezana. Wakristo wa Kenya waliokuja na kwaya, Warundi, wote. Udongo wa huku ni mzito na mwekundu, unagonga sana mwanzoni, baadaye unanyamaza. Dezire alikuwa ameufunika mlio huo kwa kinanda. Tukauondoa. Yule mwenye mashine, walipokuwa katikati ya kazi, alishuka, akavua kofia, akasimama. Dezire alisema huyu si ndugu, tumtoe. Nikasema abaki.

Kwaya ilipoimba, kuna mama mmoja sauti ilimkatika. Tulikuwa na picha nyingine ya kuweka pale, nzuri zaidi. Nikakumbuka pumzi. Tukamwacha mpaka akaivuta, akarudi, akaendelea. Hapo ndipo tukakata. Mimi mwenyewe nimo, na kanga kiunoni, natupa udongo, halafu nainama kumfunga Neema kamba ya kiatu katikati ya mazishi. Picha mbaya. Nikaiacha pia.

Nilimnyonyesha mtoto pale pale kwenye kiti cha Dezire, na huku nakutazama ukifunikwa. Sikukimbiza. Mpaka msalaba ukasimama, mpaka mtu wa mwisho akapangusa mikono kwenye suruali. Niliogopa, nisikudanganye. Huenda Mjomba alisema kweli. Tulipotuma nilimpigia Mama Rehema, nikamwomba akae karibu na Bibi, dawa zikiwa tayari, na asimwache aangalie peke yake.

Majibu yalichukua muda kuja. Nilikuwa nawaogesha wazee kazini na simu iko mfukoni mwa aproni.

Mama Rehema alinihadithia yote. Bibi aliagiza kwanza achotewe udongo wa uani kwake kwenye bakuli. Akakaa mkekani karibu na kioo, bakuli mapajani. Wanaume walipoanza kufukia akawa anawataja: huyo Elia, mbona kakonda hivyo, nani anampikia. Na mkono wangu ulipotupa udongo, yeye akachota kwenye bakuli akatupa wake, pale mbele ya deki. Akaendelea kutupa taratibu mpaka bakuli likaisha. Mama Rehema kalalamika kidogo kuhusu zulia lake. Presha ilipanda, akameza kidonge, ikashuka.

Kisha Bibi akachukua simu.

"Nimezika," akaniambia. Nikamsikia akivuta pumzi. Akaniuliza yule mzungu aliyevua kofia ni nani. Nikasema simjui. Akasema nikimwona nimwambie asante. Halafu akaomba uji.

Matanga yako yameanuliwa, Mama. Godoro limerudi kitandani. Mjomba kaniomba nakala moja, hakusema ya nini, nikampa.

Mtoto anajinyoosha sasa, ataamka. Kwa hiyo nikuage. Nitampeleka Neema Korogwe, aisikie sauti ya Bibi bila simu, hata kama atamjibu kwa Kiingereza. Na siku akikua, akiniuliza wewe ulikuwa nani, nitamkalisha, nitampa chipsi, nitamwambia yote tangu korosho, na kuondoka kwako pia nitakusema. Sitaruka kitu.

Kwaheri, Mama. Sitakuharakisha.

Mwanao