Hakuwa na Mtani

Jumatatu, 1 Julai

Malori yamepanga foleni kutoka geti la kiwanda mpaka barabarani. Alizeti, alizeti, alizeti. Nimepima tangu saa moja, upepo wa Singida unanijaza vumbi machoni, na mkulima mmoja ananiambia mizani yangu ina pepo. Pepo ni wewe uliyelowesha magunia, mzee. Sikumwambia. Nilimwamkia shikamoo, nikapima upya, ikatoka vilevile.

Chai ya saa nne. Masanja, dereva wa forklifti, kaniita mtumwa wake kama kawaida. Yeye Msukuma, mimi Mnyiramba, watani tangu mababu. Eti babu yake aliuza ukoo wetu mzima kwa kibuyu cha maziwa, na mnunuzi akaturudisha kesho yake. Nikamwambia babu yake huyohuyo alipoona lifti mara ya kwanza aliipigia hodi. Watu hoi. Utani ndio huo, anarusha na mimi narusha.

Halafu akamgeukia Imran, fundi wa mashine za kukamulia mafuta. Imran ni Mhindi. Kazaliwa Kiomboi, babu yake alikuwa na duka pale, likafa zamani. Anapanga chumba kimoja Mandewa kama sisi wote. Masanja akamuuliza yeye ni ponjoro gani asiye na hata genge la nyanya. Kicheko. Imran akatabasamu, akamaliza chai yake, akarudi kwenye mashine.

Nilicheka pia. Nilicheka kumshinda hata Stella wa maabara. Imran ni mchumba wangu, tuna miezi saba sasa, na kiwandani hakuna anayejua.

Jumatano, 3 Julai

Nina miaka thelathini na tatu. Niandike tu, hakuna anayesoma. Mchumba wa kwanza alikuwa mwalimu, nikaja kugundua ana mke Manyoni na mtoto anayeitwa jina langu. Wa pili dereva wa malori ya masafa. Alikuwa ananipigia simu kila jioni mpaka siku nilipopiga mimi, akapokea mwanamke mwingine, akaniuliza mimi ni shangazi yupi.

Imran hanipi stori. Akisema saa kumi, ni saa kumi. Anaongea Kinyiramba kuliko mimi, chenye maneno ya bibi zetu. Nikiugua tumbo ananichemshia tangawizi, ananinunia mpaka niinywe yote.

Sasa kwa nini namficha? Kwa sababu nawajua watu wa hapa. Watasema nimefuata hela. Hela zipi! Mwezi uliopita mimi ndiye niliyemnunulia viatu.

Jumamosi ya wiki ijayo Mzee Jumbe ataenda kwa baba, kijijini kwetu upande wa Sekenke, kupeleka posa. Mzee Jumbe ni mtunza stoo wetu, anastaafu wiki hiyohiyo. Imran kamwomba awe mshenga wake kwa sababu hana mjomba wala baba mdogo aliyebaki mkoa huu. Nimempigia mama. Kapiga vigelegele kwenye simu, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama Mhindi anakula ugali. Anakula, mama. Anakula mpaka ukoko.

Ijumaa, 5 Julai

Mashine namba mbili imeharibika, Imran kashinda chini yake. Sikumsogelea. Nilimpitia kama napita gunia.

Jumatatu, 8 Julai

Siku mbaya.

Juzi sokoni nilikuwa na Imran tunamchagulia mama kitenge. Masanja katuona. Leo chai haijamiminwa akapanda juu ya kreti akatangaza: mtumwa wake kapata bwana, bwana mwenyewe Mhindi, na yeye kama mtani ndiye atakayepanga mahari, anataka ng'ombe kumi na kopo la bizari.

Wote wakanitazama. Stella akasema, "Ehee, kumbe ndiyo maana umenenepa." Nikahisi masikio yanawaka. Nikasema, "Mimi na huyu? Bora nizeekee kwa baba."

Imran alikuwa bombani ananawa mikono. Umbali wa hatua tano.

Jioni nilimfuata kwake. Nikamwambia ni utani tu, ilibidi awe ameshazoea. Halafu akasema, "Masanja akikutukana unamrudishia. Mimi nikimrudishia nitaambiwa nirudi Bombay, na sijawahi kuvuka hata Morogoro. Mtani wangu mimi ni nani?" Nikakasirika. Nikamwambia anajifanya mnyonge. Nikaondoka bila kuaga.

Jumanne, 9 Julai

Nimemwomba radhi kwa meseji. Kajibu "sawa". Jumamosi iko palepale.

Alhamisi, 11 Julai

Nataka kuiandika kama ilivyokuwa, nisijipendelee.

Hafla ya kumuaga Mzee Jumbe. Pilau, kuku wa kienyeji, soda. Meneja kahutubia. Kisha Masanja akaleta igizo lake la Mhindi anayeposa. Alijipaka unga wa sembe usoni, akafunga mto tumboni, akaanza: "Veve dada, mimi nataka oa veve, lakini mahari punguza kidogo!" Watu chini. Meneja anajifuta machozi. Ikabidi apatikane bibi harusi. Wakaanza kuliimba jina langu, Tatu, Tatu, Tatu, wakipiga meza.

Ningeweza kukataa. Nilifikiri nikikataa watajua ni kweli. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Nikajifunika khanga ya Stella nikaenda katikati.

Masanja akapiga goti. Nikaziba pua. Nikasema, "Kaoge kwanza, bizari yako nainusia huku mizanini." Ukumbi ulilipuka. Sijawahi kuchekesha watu namna ile maishani mwangu. Na nilisikia utamu, Mungu ananiona. Nikaongeza. Nikasema mama yake atanipima mchele kwa punje. Mama yake Imran amekufa miaka mitatu iliyopita, na mimi najua, nilishaenda naye makaburini.

Nilipogeuka, Imran alikuwa amesimama nyuma ya sufuria za pilau na sahani mkononi. Hakuondoka kwa hasira. Alikula akamaliza, akamshika mkono Mzee Jumbe, akatoka.

Mimi ni mwanamke mjinga. Si mjinga, muoga. Ni afadhali ningekuwa mjinga.

Ijumaa, 12 Julai

Hapokei simu. Kiwandani kabadilisha zamu.

Nilikwenda kwa Mzee Jumbe mchana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akasema haendi tena. "Nikamwambie nini baba yako? Nimsifie huyu kijana kwamba mwenye kuolewa anamheshimu? Nimekaa pale jana nimewaona, mwanangu." Nikalia mbele yake. Akaniletea maji, lakini neno lake hakulibadilisha.

Masanja kanipongeza getini. Kasema nina kipaji. Ningekuwa na jiwe ningempiga. Halafu nikakumbuka kwamba nilikana mbele yake, yeye hakujua ukweli, mimi ndiye niliyejua.

Nyumbani wameshaita wazee. Napanda basi la jioni. Sijui nitawaambia nini.

Jumamosi, 13 Julai

Wazee wanne, viti vya kuazima, baba kavaa kanzu. Nilikuwa jikoni na mama, najiandaa kusema mshenga kaugua.

Saa tano kasoro ikaingia bodaboda. Imran, peke yake. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Akavua viatu, akawaamkia wazee mmoja mmoja kwa Kinyiramba, kwa mpangilio wa umri, hakukosea hata mmoja. Wazee walifurahi kama watoto. Baba akauliza mshenga yuko wapi, mbona mwenye jambo kaja mwenyewe.

Akasema hakuja kuposa. Kasema amekuja kwa sababu si adabu kuwakalisha wazee wakisubiri mtu asiyekuja. Jambo limeshindikana, kosa ni lake, hakujipanga, na binti yao hana lawama yoyote. Akaomba radhi mara mbili. Akaacha kilo tano za sukari na kile kitenge cha mama.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Alijua nipo. Hakugeuza shingo.

Bodaboda ilipopotea baba akatema mate. Akasema Wahindi ndivyo walivyo, wanachezea watoto wa watu, mwisho wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Mzee mmoja akasema hata babu wa yule kijana pale Kiomboi alikuwa hivyohivyo, moyo wa jiwe. Mwingine akasema afadhali imejulikana mapema. Wakaendelea hivyo mpaka chakula kikaiva. Niliwapakulia. Nilimnawisha baba mikono.

Jumapili, 14 Julai

Nimemwambia mama asubuhi tukipepeta mtama. Nimemwambia yote, igizo, pua, mchele kwa punje. Aliacha ungo. Kuku wakaanza kula mtama, hakuwafukuza.

Nikasema naenda kumwambia baba, yule kijana asibebe kosa langu. Mama akanishika mkono. Akasema, "Acha. Baba yako ameshamlaumu yule, na wazee wameshakubali. Ukisema wewe, aibu itabaki humu ndani. Yule ni mtu wa kupita."

Nilimwambia kazaliwa Kiomboi. Akasema anajua.

Baba alikuwa uani anakarabati banda la mbuzi. Nilimwona kupitia mlango. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Nikarudi kukaa, nikavuta ungo.

Basi langu la kurudi ni saa nane. Mama kanifungia karanga. Kile kitenge kakivaa, kimempendeza.