Nta ya Mama Mkwe Kwenye Breki za Lori

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako kwa jambo ambalo kwa padri silipeleki kwa kuwa si dhambi, na kwa fundi naona haya kulipeleka kwa kuwa ni la ukwe. Mimi ni dereva wa lori langu mwenyewe, nabeba karanga na asali kutoka Sikonge hadi Tabora mjini, na kwa kweli sina la kulalamika, mke ninaye, watoto wazima, lori linawaka asubuhi bila kusukumwa, ila breki zake zinalia tangu masika ya mwaka jana, zinalia mpaka akina mama wa njiani wakizisikia wanatoka na vikapu vyao kabla sijasimama, na mke wangu Paskazia akizisikia anaanza kusonga ugali, hata mimi mwenyewe nikazizoea na kuzipenda.

Sasa baada ya Pasaka binti yetu Bernadeta anaolewa Kitete, na lori hilo ndilo litakalompeleka kanisani, yeye na bibi zake wote nyuma wakiimba. Basi mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima jina lake silitaji na hata usoni simtazami, alikuja akasimama nyuma ya mlango akamwambia Paskazia kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mwambie mumeo watu wa Kitete watasema mjukuu wangu kaletwa na nguruwe anayechinjwa. Nta hii hapa. Mlango wangu ulikuwa unalia hivyo hivyo, nikaupaka, sasa hata paka hausikii." Akaacha bonge la nta ya nyuki, safi, ya mizinga ya baba mkwe, na mimi, Mshauri, ningesema nini, mkwe hajibiwi, tena kila jioni akawa anatuma mtu kuuliza kama nimeshapaka.

Nikafungua gurudumu la mbele la kulia, nikapaka, nikasema la kushoto nitalipaka kesho. Siku hiyo kelele ilipungua nusu, nikafurahi kweli, kumbe siku ya pili kwenye mteremko wa kuingia darajani nakanyaga breki, lori linavuta kushoto, nakanyaga tena, linazidi, likaniingiza katika mihogo ya Mzee Lugembe, na kabla sijashuka nyuki wamekwisha kulizunguka gurudumu kwa harufu ya nta iliyoyeyuka. Hakuna aliyeumia, na Mzee Lugembe alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mama mkwe amesikia tu kwamba kelele imepungua, naye amefurahi na kuleta bonge la pili, kubwa zaidi, la magurudumu yaliyobaki. Nikikataa nimemvunjia heshima, nikikubali ndio wale bibi wote nyuma na mwanangu mbele. Nifanyeje?

Anselm Masolwa, Itetemia

*

Anselm,

Hongera kwa kumwoza binti, na pole kwa mihogo. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa nisikilize.

Kazi ya mlango ni kuteleza. Kazi ya breki ni kung'ang'ania. Mama mkwe wako hajui gari, simlaumu, lakini wewe unayeushika usukani ulijua, ukapaka, na kesho yake ukaingia barabarani na mzigo! Ungekutana na watu pale darajani badala ya mihogo, usingekuwa unaniandikia mimi.

Breki zikilia asubuhi ya umande, mara mbili tatu kisha zikanyamaza, hilo si neno, ni unyevu tu. Zikilia kutwa, basi liningi, ile ngozi ngumu inayobana ndani ya gurudumu, imelika, na chuma kinakula chuma. Lori lilikuwa linakuonya mwaka mzima, wewe ukalifanya kengele ya ugali.

Tangu unaposoma hapa, lori lisitoke uani. Nimemwuliza Kasimiri, fundi wa Ng'ambo, naye anasema liningi ikishakunywa nta haifai tena, hata uioshe kwa petroli. Mwite aweke mpya, kulia na kushoto kwa pamoja, maana ukibadilisha upande mmoja litaendelea kuvuta, na magurudumu ya nyuma ayatazame pia. Vumbi la ndani alifute kwa kitambaa chenye maji, asilipulize kwa mdomo. Kisha ulijaribu likiwa tupu, polepole, mahali tambarare pasipo na watu, kabla bibi yeyote hajaweka mguu juu. Liningi zikikosekana mpaka siku ya harusi, nendeni kwa miguu mkiimba. Babu zenu walikwenda pwani na mizigo kichwani wakarudi, ninyi Kitete itawashinda?

Sasa ukwe. Wewe hujibu, sawa, na uendelee hivyo hivyo. Lakini Paskazia ana mdomo, na yule ni mama yake. Ampeleke pembeni amwambie hivi: "Mama, Anselm anasema nta hii ni safi mno kuwekwa kwenye matope ya magurudumu. Anaomba tuifanye mishumaa ya altare siku ya Bernadeta." Ataipenda, nakuhakikishia. Wakishakula, amweleze na habari ya mihogo bila kuficha, asije akampelekea dereva mwingine bonge la tatu.

Akina mama wa njiani hawatakusikia tena ukija. Piga honi, ndiyo kazi yake. Na Paskazia atazoea.

Mishumaa ya nta, Anselm, huwashwa harusini na huwashwa mazishini. Mama mkwe wako ameshaleta nta. Wewe bado una nafasi ya kuchagua itawashwa wapi.

Mama Tekla