Paswedi ya Ndama

Jumatatu, 8 Juni
Nimerudi saa kumi kutoka kusahihisha mitihani. Chai imepoa, kuku wameingia jikoni, modemu ina moto. Modemu haipati moto yenyewe. Neema ameapa hajagusa kompyuta. Ana miaka kumi na minne na anaapa kama muuza mitumba.

Nimeifungua. Hajui kufuta alama zake. Kuna mtu anajiita Kelvin. Eti ana miaka kumi na saba, eti mtoto wa Ilongero, Mnyaturu mwenzetu, anasoma Dodoma. Anataka picha. Si ya sare ya shule. Na Ijumaa ya wiki ijayo atapita Singida kwa basi, Neema amfuate stendi, asimwambie mtu.

Nimemzaba kofi. Sijutii. Najuta kidogo. Picha hajatuma, nimepekua kote.

Alhamisi, 11 Juni
Baba Neema kapiga simu kutoka Itigi. Dawa yake: zima kompyuta. Rahisi kwake, yeye kalala kwenye nyumba ya reli, kazi yake haihitaji mashine. Mimi kazi za chuo ninachosoma kwa mtandao nazituma kwa nini, kwa njiwa?

Siku mbili nimeondoka na modemu kwenye pochi. Leo nimekuta Neema kaazima ya rafiki yake nyumba ya pili. Kumbe modemu siku hizi ni kama kiberiti, kila mtu anayo. Nimempigia kelele mpaka koo limekauka. Sijamuuliza kitu hata kimoja. Niulize nini?

Jumamosi, 13 Juni
Fundi amekuja, mzee mwenye kipara, mpole. Kaweka programu ya kufunga mtandao. Bila paswedi haifunguki, hata kwa modemu ya jirani. Kanionya: usiweke tarehe ya kuzaliwa wala namba ya simu, watoto wa siku hizi ni wachawi. Weka neno ambalo mwanao hawezi kulikisia.

Nikacheka peke yangu. Nimeweka jina la ndama wangu wa utotoni, la Kinyaturu. Silitaji hata humu. Wanangu Kinyaturu hawajui, hata salamu inawapiga chenga. Mashine ikataka na kidokezo, eti nikisahau. Nikaandika: ndama wangu. Fundi akaguna, nikamwambia aende zake kwa amani.

Jumapili, 14 Juni
Neema hasemi na mimi. Asiseme.

Jumatano, 17 Juni
Siku nne, modemu ya baridi. Neema sasa kamganda bibi yake, mama yangu mzazi, kama kupe. Wanapepeta, wanachambua mlenda, wanacheka. Mama anamwita mke mwenzangu. Nikitokea wananyamaza. Hiyo nayo inaniudhi. Nani anawalisha humu ndani?

Ijumaa, 19 Juni
Naandika na bado nina hasira, mistari inapinda.

Leo ndiyo Ijumaa ya huyo Kelvin. Nimeomba ruhusa, nimefika nyumbani saa sita. Mlango umeegeshwa. Hakuna Neema, hakuna mama. Kompyuta inawaka, mtandao uko wazi. Wazi! Sikusoma kitu. Nilitoka na kandambili, nikapanda bodaboda mpaka stendi. Nimechungulia madirisha ya mabasi yote ya Dodoma nikiita jina la mwanangu. Kondakta mmoja kaniuliza, mama, umeibiwa? Nikamtukana. Mwalimu mzima.

Nimerudi nikilia. Nawakuta wanaingia getini na debe la unga, wametoka mashineni. Wote wawili. Weupe kwa vumbi la unga.

Nilishika fimbo. Mama akasimama katikati, akasema, "Nipige mimi, mimi ndiye niliyemwambia." Neema alimuuliza tu: bibi, eti mama aliwahi kuwa na ndama? Basi mama kasimulia siku tatu. Rangi yake, alivyonifuata mpaka shuleni, jina lake. Neema kajaribu kuliandika mara nne, la tano likafungua.

Mama yangu siwezi kumpigia kelele. Nikawapigia kuku.

Halafu nikakaa mbele ya kompyuta kutafuta ushahidi wa kumuua nao. Neema kamwandikia Kelvin jana. Mistari miwili ya Kinyaturu. Salamu, na swali: mama yako ni wa ukoo gani? Nimesikia sauti ya mama yangu kwenye kila neno, hata makosa ya herufi ni ya matamshi yake.

Kelvin kajibu: matusi gani hayo? Tuma picha, mtoto, kesho usichelewe.

Neema akamwandikia: mtoto wa Ilongero hajui salamu ya kwao? Wewe si mtu wa huku na si mtoto. Usiniandikie tena.

Nimesoma mara tatu. Mshenzi yule. Nimechapisha yote, Jumatatu napeleka polisi. Fimbo niliitupa nyuma ya choo. Kumwomba mtoto msamaha sikuweza, nilimkaangia mayai.

Jumapili, 21 Juni
Upepo mkali, baridi. Tumepiga alizeti uani, mimi na Neema. Mama amelala, mgongo unamsumbua.

Tulipiga muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa nini sikuwafundisha Kinyaturu. Nikasema mlikuwa wadogo, shule inataka Kiswahili na Kiingereza, baba yenu si Mnyaturu. Nilisema mengi.

Akauliza tena, taratibu, "Ulichagua jina hilo kwa sababu ulijua hatulijui?"

Nikasema ndiyo.

"Na bibi je? Hukufikiri tungemuuliza?"

Sikufikiri. Fundi alinionya juu ya tarehe na namba ya simu, nami nikapiga hesabu zote. Mama yangu ana miaka sita humu ndani. Sikumhesabu kama mtu anayeweza kuulizwa kitu.

Nikachukua kichwa kingine cha alizeti, nikakipiga. Neema alikusanya mbegu, akaingia ndani kumpelekea bibi yake uji.