Simu ya Ngendo kwa Saida

Becky, uko?

Ni kuhusu Ngendo, jirani yangu hapa Kiganjo, mama ya Kagwe, yule mtoto aliyezaliwa na shimo kwa moyo. Leo hospitali imempigia. Madaktari wa kutoka nje wamefika na nafasi moja ya upasuaji imepatikana. Alete mtoto kesho asubuhi.

Ngai, Mungu wangu, alipiga nduru mpaka wapangaji wote wa plot wakatoka nje! Wamengoja sana, na Kagwe akikimbia kidogo tu midomo inageuka bluu.

Sasa sikiza. Mtu wa kwanza Ngendo aliyempigia ni Saida wa kule Mwiki. Walijuana kliniki, watoto wao wako na shida moja. Aliweka simu kwa spika ili aendelee kupanga nguo za mtoto, na mimi niko hapo nasikia.

"Saida! Kagwe amepata nafasi!"



Saida akasema polepole, "Hiyo nafasi ilikuwa ya Leila wangu. Tulimzika jana."

Ilikuwa ya Leila!!

Ngendo alikaa chini sakafuni, sweta ya mtoto mkononi. Akasema hawezi kumpeleka, hawezi.

"Utampeleka," Saida akamkatiza. "Nakuomba, mpeleke. Lakini akipona usinipigie. Nikiweza, nitakupigia mimi."

Akakata.

Begi sasa iko tayari mlangoni. Kagwe anauliza kama watamkuta Leila huko hospitali, na sisi wote tunaangalia kando.