Mwacheni Mheshimiwa Abaki Mbinga

Milimani,
S.L.P. 61,
Mbinga.
11 Aprili 1996

Mpendwa mdogo wangu Frederick,

"Baba amekwisha timiza wajibu wake. Jina lake limeandikwa, sasa ni zamu ya serikali kumkumbuka." Hayo ni maneno yako, katika barua ya mama yako uliyompa dereva wa basi pamoja na tiketi ya kumpeleka baba yako Dar es Salaam. Mama Mdogo Emiliana alinipa nimsomee. Nilisoma mara mbili, ya pili kwa hasira. Nitakujibu. Lakini sikulelewa kugomba na mtu kabla ya kumjulia hali, basi pokea salamu kwanza.

Hamjambo huko? Mkeo Violet goti lake linaendeleaje? Na watoto, wamelizoea joto, au bado wanalala sakafuni? Sisi ni wazima. Baba yangu, Mzee Methodi, anakohoa asubuhi, lakini kwenye mlima bado ananiacha nyuma. Pasaka tuliila kwa usipa, dagaa wa ziwani, ambao ndugu za mama yako walituletea kutoka Mbamba Bay. Mvua zinanyesha mpaka tumezichoka. Nguo nilizofua Jumatatu ya Pasaka mpaka leo Alhamisi hazijakauka.

Haya, tuje kwenye jina la Baba Mdogo.

Limeandikwa wapi? Mimi nalijua mahali pamoja, kwenye jiwe la msingi la zahanati aliloliweka mwaka 1988. Jiwe lipo, paa halipo. Mbuzi wanajikuna pembe kwenye jina la baba yako. Nilimpigia kampeni za ubunge mara zote nne, Frederick, kwa hiyo sisemi kama adui. Walimu alituletea, daraja alituletea, na alipogombana na mawaziri kwa ajili ya mbolea nilikata habari ile gazetini nikaitunza. Lakini watu wa ziwani walingoja barabara yao miaka ishirini, na mwaka jana wakamnyima kura za maoni. Kijana aliyemshinda hakuwa na sera. Alizunguka akisema "mimi si yule", basi. Mtu akishindwa kwa maneno matatu, huyo bado ana kazi ya kufanya, asitafutiwe kiti cha kupumzikia.

Wewe hujui anavyoishi. Ikifika saa saba mchana redio ikipiga ngoma ya taarifa ya habari, nyumba nzima inanyamazishwa. Anangoja kusikia ameteuliwa mkuu wa mkoa. Zamani alikuwa akingoja mkoa. Sasa hata wilaya ataipokea, hata ujumbe wa bodi. Wali unapoa mezani. Juzi mama yako alimwambia, "Protasi, wakikutaja jirani atakuja mbio kutuambia. Njoo ule." Alisogeza sikio karibu na redio.

Na kazi anayo hapa hapa. Tangu biashara ya kahawa ifunguliwe, wanunuzi binafsi wamejaa kama nzige, na sasa mmoja wao anataka kuukodi mtambo wetu wa kumenya kahawa, ule tuliojenga kwa kubeba mawe kichwani. Anautaka kwa miaka kumi. Mkataba ni kurasa kumi na tisa za Kiingereza. Nimeusoma. Kifungu cha tisa kinampa ruhusa ya kuchagua kahawa ya nani iingie mtamboni na ya nani irudi nyumbani. Maana yake kila mkulima atamwuzia yeye tu, kwa bei yake, au kahawa imwozee. Nimelisema hilo kanisani, sokoni, kwenye pombe. Wananiambia, "Mwalimu Kunigunda, wewe kila kitu unakipinga." Wamenizoea. Baba yako hawatambishia, kwa sababu alikuwemo ukumbini mwa Bunge sheria za kuifungua biashara hiyo zilipopita, naye, nasema hata kama itakuuma, alinyoosha mkono kuziunga.

Mwezi wa pili wazee wa chama cha msingi cha ushirika walimfuata, wakiongozwa na Mansuetus, wakamwomba agombee uenyekiti na kuusimamia mkataba huo. Nilikuwepo. Baba Mdogo aliwatazama kama wamemletea kuku mgonjwa.

"Mimi niliyesimama mbele ya Spika, leo nikasimame mbele ya mashine ya kumenya kahawa?"

"Mheshimiwa," Mansuetus akamjibu taratibu, "Spika hamenyi kahawa."

Wakaondoka bila kumaliza chai.

Mwezi wa tatu tukawa na ngokela, kazi ya kusaidiana, kwenye shamba la baba yangu, kuchimba ngoro za maharage. Baba Mdogo akatoka nyumbani bila kuitwa, amevaa viatu vya Dodoma, akashika mundu. Unajua kazi zetu: wanaume hufyeka na kulaza nyasi kwa miraba, sisi wanawake tunachimba katikati na kuzifunika nyasi kwa udongo, ili mvua iingie shimoni badala ya kuuteremsha mlima. Basi akalaza nyasi zake. Miaka ishirini imemtoa kipimo mikononi! Mraba mmoja ungetosha kulaza ng'ombe wawili. Marselina, mmoja wetu wachimbaji, alisimama katikati na jembe lake, akatazama huku na huku, akauliza, "Mheshimiwa, hili ni shimo au ni ukumbi? Nichimbe, au kwanza niombe nafasi ya kuchangia?"

Tulicheka mpaka majembe yakatuanguka. Naye akacheka, Frederick, baba yako! Sikuwa nimemwona akicheka tangu kura zile. Akavua viatu, akazikusanya nyasi zote, akamwita Mansuetus amwonyeshe upya. Hadi jioni alikuwa amelaza safu nne zilizonyooka. Kwenye kibuyu cha pombe alikaa chini na wenzake, akasema, "Mansuetus, ule mkataba niletee."

Akausoma siku tatu, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kifungu cha tisa aliniita. "Kunigunda, hawa wanataka kutufunga kamba." Akasema atagombea. Mansuetus akautangaza mkutano mkuu, Jumamosi tarehe 27 mwezi huu.

Ndipo ikaja tiketi yako, ya tarehe 24, na kikaratasi chake kwa baba yako. "Njoo uonekane, Baba, wakubwa humsahau asiyeonekana." Akaukunja mkataba, akauweka chini ya redio. Sasa anapiga pasi suti. Mansuetus amefika mara mbili, ameambiwa Mheshimiwa anajiandaa na safari.

Mdogo wangu, mbona unafanya hivi? Wewe unafanya kazi wizarani. Mwezi wa kwanza uliniandikia mwenyewe kwamba orodha zimefungwa, baba yako hayumo wala hatakuwemo, ukaniomba nisimwambie kwa sababu ya presha yake. Nikakubali. Miezi mitatu nimemwona akisogeza sikio kwenye redio nami nikijua. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza mbele ya katibu kata, nimenyamaza mbele ya baba yangu mdogo. Katika hilo nina makosa sawa na yako. Unamhurumia, naelewa. Lakini huruma yako itamweka kwenye mabenchi ya ofisi za watu aliowafundisha kazi, akitaja jina lake kwa karani asiyelijua, huku kwao watu wakitia saini kifungu cha tisa. Je, hiyo ndiyo kumbukumbu unayomtakia?

Baba anakusalimu. Marselina anamsalimu Violet, na amempelekea mbegu za maharage. Aurelia, binti wa shangazi aliyeolewa Kingerikiti, amejifungua salama mtoto wa kike. Mungu awalinde wote, awape watoto afya na ninyi uvumilivu wa kunisoma.

Sasa nisikilizeni, wewe na mdogo wako Hamphrey, maana najua mtaisoma pamoja. Chukueni karatasi leo. Mwandikieni baba yenu kwa mkono wenu kwamba hayumo kwenye orodha, na kwamba mlilijua tangu Januari. Msimwachie shangazi, msimwachie padri, wala msiniachie mimi. Mwambieni tiketi airudishe. Barua mpeni dereva yule yule, ifike kabla ya tarehe 24. Ataumia, nasi tutakuwa naye akiumia. Halafu Jumamosi ataamua mwenyewe aende wapi, lakini aamue akiwa anajua.

Dada yako akupendaye hata akigomba,
Kunigunda