Mama, Nimesimama Juu ya Balafu

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimelaza mguu juu ya mto, goti limefura kama andazi. Nitakueleza lilivyofura, lakini kwanza upate habari za nyumbani, ingawa wewe ndiye uko huko na mimi ndiye niko mbali.

Nekesa alitoa friji yako Kibomet akaihamishia nyumbani kwetu Kamukuywa. Yeye ndiye anauza barafu sokoni sasa, na watoto wanalalamika ati si tamu kama ya mama yake. Mimi nadhani dada yangu anabania sukari. Mdogo wangu Wafula naye amepata mtoto msichana. Wamempa jina lako, na wanasema hasira zako amekuja nazo zote.

Nakukumbuka pale langoni pa shule Kibomet, kule Kitale, umeketi kwenye kigoda, barafu zako kwenye karai umezifunika gunia zisiyeyuke. Juisi iliyogandishwa, ya machungwa na ile nyekundu, kila moja kwenye kikaratasi chake cha nailoni. Ulikuwa unaita, "Balafu! Balafu baridi!" Watoto wa Kitale wakaiga huo ulimi wetu wa Bungoma wakicheka, na wewe ukazidisha makusudi, ukawaita hata kwa majina yaliyogeuzwa hivyo hivyo, mpaka wakanunua.

Ndiyo maana sikushangaa siku ile nilipokupigia kukwambia kuhusu huku. Nilikueleza kwamba wakati wa baridi watu wa jiji hili wanamwaga maji kwenye uwanja ulio mbele ya ofisi kuu ya mji, yanaganda, kisha wanavaa viatu vyenye chuma chini na kuteleza juu yake, wazee kwa watoto, bila kazi nyingine yoyote. Halafu ukauliza, "Sasa hiyo balafu yenyewe ni ya langi gani?"

Nilicheka nikashindwa kushika simu. Nikakwambia haina rangi. Ukasikitika kabisa. Uliuliza kama hata sukari hawakutia. Tangu hapo kila nikipiga ulitaka kujua kama nimeenda kusimama juu yake, nami nikasema nitaenda nikipata ofu kazini.

Kisha ukaondoka, Mama, kabla ya ofu yangu.

Makaratasi yangu ya kukaa huku yalikuwa hayajatoka. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi. Wazee wa ukoo walikaa Kamukuywa wakaamua nisije. Mazishi yako niliyaona kwa simu, nimesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, makao ya wazee, na yunifomu mwilini. Wafula aliinama achote udongo, picha ikaganda hapo. Iliporudi, watu walikuwa wanagawiwa chakula. Nikavaa glavu nikaenda kumlisha mzee wa chumba cha mwisho.

Sikulia. Siku hiyo sikulia, na kesho yake, na miezi iliyofuata. Nilianza kujiogopa. Kwetu mama hazikwi kwa kimya, watu hulia mpaka ng'ambo ya mto wajue, na mimi mzaliwa wako wa kwanza nilikuwa mkavu kama gunzi. Nekesa aliniuliza kwa simu kama nimelia. Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Unamkumbuka Chebet wa nyumba ya pili Kibomet, ambaye ulikuwa unampakulia ugali bila kuuliza kama amekula kwao? Naye yuko jiji hili. Jumamosi alikuja akanitoa kitandani, ati si mama alikuwa anataka usimame kwa hiyo barafu, twende. Tulikodi vile viatu. Nilipofika ukingoni, likaja trekta, trekta kabisa, likaanza kulainisha uwanja huku likimwaga maji nyuma. Chebet alisema wanapanda mahindi. Nilicheka, na baridi ikaniingia hadi kwenye meno.

Nilishika ukuta. Mama, ni kweli haina rangi. Ni nyeupe kama jicho la kipofu, na imejaa mikwaruzo. Nikasimama kama ulivyotaka. Nikasogea kidogo, Chebet akanishika mkono, tukaenda kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Kisha akaniachilia, miguu ikanikimbia, nikaangukia goti.

Na unajua mtu wa kwetu akiumia hutoa sauti gani. Hafikirii. Nilipiga ukelele, "Mayi!"

Nikajisikia mwenyewe nikiita mama kwa lugha yetu. Lile lile neno ambalo ningelia nalo kando ya jeneza lako, lilikuwa limetoka lenyewe, kwa sababu ya goti. Sikuweza kulirudisha. Nikaita tena, mayi, mayi wange, na tena, nimeketi pale suruali ikilowa, nikalia kwa sauti ya Kamukuywa katikati ya watu wasioinua sauti hata wakigongwa na gari. Watoto walisimama. Muziki walioufungulia ukaendelea peke yake.

Mlinzi wa uwanja alikuja mbio akapiga magoti, akauliza ni wapi panauma, kama mguu umevunjika. Chebet alimwambia mguu ni mzima, huyu amefiwa na mama. Yule kijana akavua kofia. Akauliza ni lini, ni leo?

Chebet aliniangalia. Akamjibu, "Ndiyo. Ni leo."

Hawakuniondoa. Yule mlinzi aliwaelekeza watu wapitie upande wa pili, na Chebet akaketi na mimi kwenye barafu, akalia kwa lugha yao ya mlimani, maana wewe ulikuwa wake pia. Tulikulilia mpaka sauti zikakauka. Nilipoinuka nilikuwa natetemeka, nina njaa. Tangu ufe sikuwa nimesikia njaa.

Mama, nakuaga sasa kwa sababu sasa ndiyo naweza. Makaratasi yakitoka nitakuja. Kama mila inavyomtaka aliyekosa mazishi, sitabisha hodi, sitasalimia mtu, nitapita nyuma ya nyumba moja kwa moja hadi ulipolala, na Nekesa ataninyoa nywele siku hiyo hiyo. Nilikuwa naogopa kufika hapo mdomo umefungwa, majirani wananitazama. Siogopi tena.

Lala salama, mayi. Siku ukisikia mtu analia kuanzia kule barabara ya lami, usishtuke. Ni mimi nimefika.

Wako,
Naliaka