Salamu za Wateja

Kihonda, Morogoro

Baba Maimuna,

Sisi wazima. Simu yako haipatikani tangu Ramadhani, ndiyo maana barua hii nampa jirani yetu Abdulatif, anayekuja huko machimboni Chunya.

Duka langu la viungo la mtandaoni limechangamka. Mwanzoni lilidorora, maana kwenye semina ya biashara tuliambiwa tusiwachoshe wateja: mtu akiandika, mpe bei, basi. Nikawapa bei ya mdalasini, wakapotea. Nikasema, loh, mimi Mluguru bwana! Kwetu mlimani hununui hata ndizi kabla ya kujuliana hali. Nikaanza kuwatumia salamu za sauti, shikamoo kwa wakubwa, nawauliza habari za wazazi, watoto, hata mvua. Wakarudi, tena wakaletana. Sasa mdalasini wa Kinole haumalizi wiki.

Maimuna ameng'oka jino la mbele. Hataki kulitupa, anasema mpaka ulione.

Ila salamu hurudishwa. Nikishamuuliza mteja habari za kwake, naye huniuliza, "Na baba watoto hajambo?" Nami humjibu, "Hajambo, yuko kazini." Wengine husema, "Msalimie sana." Nimezipokea salamu zako kutoka Tanga mpaka Mwanza, sina pa kuzipeleka.

Leo nakuletea zote. Kama kuandika kunakushinda, mpe Abdulatif hata neno moja, nijue kama watu wale siwadanganyi.

Ni mimi mkeo,
Mwajuma